Maneno ya Sauti Moja katika Kiingereza: Kijitabu cha Robert Bridges Chapimwa

Kila mwalimu afundishaye Kiingereza katika shule za vijijini ayajua makosa haya, maana huyasahihisha kila juma. Mwanafunzi ataka kuandika habari za wazazi na nyumba yao, naye huweka "there" mahali pa "their". Mwingine ataka kusema ya kuwa amesikia, naye huandika "here" mahali pa "hear". Wa tatu huandika "right" alipotaka "write". Kalamu nyekundu hupita, alama hupunguzwa, na mtoto hurudi kitini pake asijue kosa lake li wapi, kwa sababu masikio yake hayakumdanganya. Alisikia sauti moja, akaandika neno moja katika mawili yenye sauti ile. Basi, kosa hili ni la mtoto, ni la mwalimu, au ni la lugha yenyewe?

Yuko Mwingereza mmoja aliyejibu bila kusita ya kuwa kosa ni la lugha. Jibu lake limo katika kijitabu kiitwacho On English Homophones, yaani habari za maneno ya Kiingereza yenye sauti moja na maana mbalimbali. Kilichapwa Oxford mwaka 1919. Yafaa tukipime, kwa sababu kimeandikwa na mtu wa elimu kubwa, na kwa sababu swali lake ndilo swali letu, ingawa yeye aliliuliza akiwa ndani ya nyumba, nasi twaliuliza tukiwa mlangoni.

Mwandishi wake ni Robert Bridges. Alizaliwa mwaka 1844, akasomea udaktari na kutibu wagonjwa katika London, kisha mwaka 1882 akaiacha kazi hiyo akajitoa kwa mashairi. Mwaka 1913 alifanywa malenga wa mfalme, cheo alichokaa nacho mpaka alipokufa mwaka 1930. Mwaka ule ule wa 1913 yeye na wenzake waliunda chama kilichoitwa Society for Pure English, kwa nia ya kuitunza lugha yao isiharibike. Vita vya 1914 viliwazuia, na hata amani iliporudi ndipo vijitabu vyao vilipoanza kutoka. Hiki tukisemacho ni cha pili.

Hoja zake, kwa ufupi, ni hizi. Kwanza, asema maneno ya sauti moja ni udhia, maana yamchanganya msikiaji. Pili, asema Kiingereza kimelemewa nayo kupita kiasi, na ili kuthibitisha neno lake aliyakusanya akayapanga kwa mamia. Tatu, asema maneno haya hujiua yenyewe: mawili yakigongana katika sauti, moja huchoka likaacha kutumiwa. Nne, asema lugha hupata hasara kwa vifo hivyo, maana neno zuri laweza kufa pasipo mrithi. Tano, asema matamshi ya watu wa kusini ya Uingereza yazidi kuzaa maneno ya namna hii kila siku. Na mwisho awalaumu wataalamu wa matamshi, ya kuwa huyaandika matamshi hayo vitabuni na kuyafundisha kana kwamba ndiyo Kiingereza peke yake. Hapo amlenga hasa Daniel Jones, mwalimu wa University College katika London, ambaye kamusi yake ya matamshi ilitoka mwaka 1917.

Tuanze kwa kumpa haki yake. Bridges hakuwa mtu wa kulalamika ovyo. Alitaka tujue ni maneno gani hasa tunayoyasema, akaweka mpaka ulio wazi: maneno mawili yaliyotoka katika asili mbili, yakakutana katika sauti moja. Mpaka huo watusaidia sana, kwa kuwa watuonyesha ya kwamba kufanana kwa maneno haya hakukupangwa na mtu. Ni kama wasafiri wawili waliotoka pande mbili wakalala katika nyumba moja ya wageni. Hawakuzaliwa pamoja, wala hawana undugu.

Tutazame maneno "son" na "sun", yaani mwana na jua. Leo hutamkwa sawasawa kabisa. Lakini katika Kiingereza cha zamani sana, yapata miaka elfu iliyopita, la kwanza lilikuwa "sunu" na la pili "sunne". Zile sauti za mwisho zilikatika kidogo kidogo, na yaliyobaki yakawa sauti moja. Vivyo hivyo "knight", maana yake askari mwenye cheo apandaye farasi, na "night", maana yake usiku. Ile k ya mbele ilitamkwa zamani, hata karne ya 17 ilipokuwa ikipita, watu wakaiacha. Neno "write" lilitamkwa na w yake, kwa hiyo halikuweza kuchanganywa na "right". Na "meat", maana yake nyama, halikuwa na sauti moja na "meet", maana yake kukutana. Kati ya karne ya 15 na ya 18 sauti nyingi za Kiingereza zilihama mahali pake, zikapanda kinywani, na nyingine zikakutana njiani.

Sasa, William Caxton alileta mtambo wa kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, na tangu hapo maendelezo ya maneno yakaanza kukauka kama udongo katika tanuru, ilhali vinywa vya watu vingali vikibadilika. Hii ndiyo sababu herufi za Kiingereza hazifuatani na sauti. K ya "knight" ni kama jiwe la kaburi: sauti imekwisha kufa, bali jina lake lingali limeandikwa. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi wakubwa habari hii, hawataona tena ya kuwa maendelezo ya Kiingereza ni fitina ya kuwatesa. Wataona ni historia. Kwa jambo hili peke yake kijitabu cha Bridges chastahili shukrani, maana chatufundisha kuuliza neno limetoka wapi kabla ya kulilaumu kwa mahali lilipofika.

Hata hivyo hukumu yake haikubaliki yote, nami naona makosa matatu ndani yake.

La kwanza ni hoja yake ya kuwa maneno haya hujiua. Kama kugongana kwa sauti kungetosha kuua neno, "son" na "sun" yasingaliishi pamoja karne hizi zote. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu kijitabu kile kitoke, na maneno yote mawili yangali hai, nayo hayaonyeshi dalili ya ugonjwa. Sababu yake si ngumu. Mwana hupelekwa shule, huoa, hurithi shamba. Jua hupanda, huchoma, hutua. Ni mara chache mno sentensi moja kuweza kuyapokea maneno yote mawili ikabaki na maana. Jirani zake neno humlinda.

Lakini tazama neno "let". Zamani yalikuwako mawili: moja maana yake kuruhusu, na la pili maana yake kuzuia. Asili zake zilikuwa mbili, kisha sauti zikawa moja, na hata herufi zikawa moja. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado twalikuta lile la kuzuia, mathalan katika Waraka kwa Warumi 1:13, na msomaji wa siku hizi asiyejua jambo hili hufahamu kinyume kabisa cha maneno ya Mtume. Neno hilo la pili limekufa katika usemi wa kila siku. Limebaki katika maneno machache ya sheria na katika mchezo wa tenisi. Hapo Bridges amepata. Walakini lililoliua si sauti tu. Liliuawa kwa sababu kuruhusu na kuzuia vyote ni vitendo, vyote hutendwa na mtu juu ya mtu, tena hukaa mahali pale pale katika sentensi. Asiyetambua yupi ni yupi huweza kumfungulia mwizi na kumfungia mgeni.

Basi kanuni iliyo kweli ingalikuwa hii: hatari haimo katika sauti kufanana, bali imo katika sauti kufanana pamoja na mahali kufanana. "Raise" ni kuinua, na "raze" ni kubomoa mpaka chini. Sauti ni moja na yote mawili hutendwa juu ya nyumba. Hayo ni ya kuogopwa. "Sea" ni bahari, na "see" ni kuona. Sauti ni moja lakini hayawezi kukutana mlangoni hata siku moja. Bridges aliyaweka yote katika kapu moja, naye aliyeweka mayai na mawe katika kapu moja asishangae akipoteza mayai.

Kosa lake la pili ni kumlaumu Daniel Jones. Ni kweli ya kuwa watu wa kusini ya Uingereza wameacha kuitamka r iliyo mwisho wa silabi, na kwa hiyo kwao "sauce" na "source" ni sauti moja, na "father" na "farther" vile vile. Ni kweli pia ya kuwa wengi wao hawatofautishi "which" na "witch". Waskoti wengi wangali wanaitamka r hiyo, na wako wanaoivuta pumzi ya wh. Walimu Waskoti walifanya kazi Kikuyu tangu mwaka 1898, na ni wazi ya kuwa mwanafunzi wa Mskoti na mwanafunzi wa mtu wa London hawakuweza kufanya makosa yale yale katika imla. Katika jambo hilo Bridges amesema neno la maana: matamshi ya kusini hayana haki ya kujiita Kiingereza chote.

Lakini Jones alisema wazi ya kuwa kazi yake ni kuandika jinsi watu wanavyotamka, wala si kuwaamuru watamke vipi. Kumlaumu yeye ni kama kumlaumu karani wa mizani kwa sababu mavuno ni machache. Mabadiliko ya vinywa hayakungoja kamusi yake. Nayo historia iliufanyia ugomvi huu mzaha mdogo: mwaka 1926, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipounda halmashauri ya kushauri juu ya matamshi ya watangazaji, mwenyekiti alikuwa Bridges, na Jones alikuwa mmoja wa wajumbe. Waliokuwa wakishindana kwa kalamu wakakaa meza moja. Huenda hilo ni fundisho kwa kila chama na kila halmashauri ya kijiji.

Kosa la tatu ndilo kubwa kwetu. Bridges aliandika kana kwamba Kiingereza kina wenyewe tu, hakina wageni. Alihesabu maneno yanayofanana katika sikio la Mwingereza. Hakufikiri juu ya maneno yanayofanana katika sikio la mtu aliyenyonya lugha nyingine. Na hayo, kwetu sisi, ni mengi zaidi.

Kiswahili kina irabu tano, a, e, i, o, u, wala hakihitaji ya sita. Kiingereza cha kusini kina sauti za irabu zipatazo ishirini, ukihesabu na zile zinazotelezeshwa kutoka sauti moja hadi nyingine. Basi mtu mwenye vikapu vitano akiletewa matunda ya namna ishirini, hana budi kuyachanganya. "Ship" ni merikebu na "sheep" ni kondoo; Mwingereza ayasikia kuwa maneno mawili tangu utoto wake, sisi twayatia yote katika kikapu cha i. "Live" na "leave", kuishi na kuondoka, yatupata vivyo hivyo. "Full" na "fool", kujaa na mjinga, yamo katika kikapu cha u. Na kikapu cha a ndicho kimejaa kupita vyote: "hat", "hut" na "heart", yaani kofia, kibanda na moyo, mwanafunzi wetu huyatamka karibu sawa. Tena katika lugha nyingi za bara l na r hazitengwi, kwa hiyo "pray" na "play" huwa neno moja, na kusali na kucheza huchanganyika.

Makosa ya namna hii hayafanani na kosa la "their" na "there". Mwenye kuandika "there" mahali pa "their" ametamka sawa na Mwingereza, na akisoma barua yake kwa sauti hakuna atakayejua ya kuwa amekosa. Amekosa jambo la karatasi tu. Bali mwenye kutamka "leave" alipotaka "live" amesema jambo jingine, na msikiaji atachukua lile alilolisikia. Walimu wengi hawatengi makosa haya mawili. La karatasi huadhibiwa kwa ukali kwa sababu huonekana; la kinywa huachwa kwa sababu hupita na upepo.

Naomba niseme habari ya jambo lililotokea katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja. Mzee mmoja aliyetunza fedha za ujenzi wa shule alipata barua ya Kiingereza kutoka kwa katibu kijana. Barua ilimwomba afanye "correct the money" kabla ya Jumapili. Katibu alikusudia "collect", yaani akusanye michango. Lakini mzee alijua Kiingereza cha kutosha kufahamu ya kuwa "correct" ni kusahihisha, akaona ameambiwa ya kwamba hesabu zake zina kasoro. Hakuuliza. Alifunga daftari akalipeleka kwa mwenyekiti, akakaa nyumbani majuma mawili, wala hakuja mkutanoni. Watu wazima wawili walihitajiwa kumweleza ya kuwa hakuna aliyemshitaki. Herufi mbili zilikuwa zimevunja heshima ya miaka mingi. Nalo jambo la kusikitisha zaidi ni hili, ya kuwa wote wawili walijua Kiswahili, na walikaa mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Hapo ndipo yaonekana ya kuwa jambo hili si mchezo wa mitihani. Asiyeweza kutenga sauti aweza kutenga marafiki.

Lakini tusidhani ya kuwa Kiingereza peke yake ndicho chenye taabu hii. Bridges alisema lugha yake imelemewa kupita kiasi. Hakuzipima za kwetu. Neno "paa" laweza kuwa mnyama wa mwituni, laweza kuwa sehemu ya juu ya nyumba, tena laweza kuwa kitendo cha kwenda juu. "Kaa" ni kiumbe cha pwani atembeaye upande, ni kipande cha moto au cha mti uliochomwa, tena ni amri ya kuketi. Mbona hatuhangaiki? Kwa sababu lugha yetu ina ngeli na upatanisho wake. Nikisema "paa huyu" umekwisha kumwona mnyama. Nikisema "paa hili" umekwisha kutazama juu. Kiambishi kidogo hufanya kazi ya taa.

Kiingereza nacho kilikuwa na taa ya namna hiyo. Yale maneno "sunu" na "sunne" hayakuwa ya jinsi moja. La kwanza lilihesabiwa la kiume na la pili la kike, na maneno yaliyoandamana nayo yalibadilika kwa kufuata jinsi hiyo. Upatanisho huo ulipopotea, Waingereza walibaki na msaada wa herufi: o katika "son", u katika "sun". Kwa hiyo kazi ambayo Kiswahili huifanya kinywani kwa upatanisho, Kiingereza huifanya karatasini kwa maendelezo. Kila nyumba ina namna yake ya kufunga mlango. Mwanafunzi akielewa hivi, hatayaona maendelezo kuwa mzigo mtupu. Ataona ndiyo "huyu" na "hili" ya Waingereza.

Wala sisi hatuna usalama kamili. Mtu akisema "Juma anapanda mti", nani ajuaye kama Juma yuko juu ya tawi au ameshika jembe? Hapa upatanisho hausaidii, maana vyote ni vitendo na mti ni ule ule. Twalazimika kuongeza neno: anapanda juu ya mti, au anapanda mche. Na watu wa bara wasiotenga l na r huuliza habari za "mahali" wakafahamiwa wanauliza habari za "mahari", jambo liwezalo kumfadhaisha baba mwenye binti. Vile vile aandikaye "kitu cha zamani" alipotaka "kitu cha thamani" ameishusha bei ya mali yake mwenyewe. Kanuni ni ile ile: sauti moja na mahali pamoja, hapo ndipo penye hatari. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hana haja ya kuona haya mbele ya Kiingereza. Ugonjwa ni wa lugha zote, dawa tu ndizo mbalimbali.

Tena tunayo faida ambayo wageni wengi wa Kiingereza hawana. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu sauti za th na dh, nasi twazitumia katika "thelathini" na "dhambi". Aliyezoea kuyatamka maneno haya kwa usahihi hana sababu ya kusema "sink", kuzama, alipotaka "think", kufikiri. Anayeharibu "thelathini" ikawa "selasini" ndiye atakayezama. Hivyo Kiswahili safi ni ngazi ya kupandia Kiingereza safi, wala si kizuizi chake.

Sasa, walimu wenzangu, tufanye nini darasani? Bridges hatoi shauri kwa mwalimu, maana hakukusudia. Bali viko vitabu vya mazoezi, vilivyokuja baada yake, vilivyoichukua orodha kuwa dawa. Huyapanga maneno mawili mawili kama mapacha, mwalimu huyaandika ubaoni siku moja, na mtoto huambiwa ayakariri. Kwa maoni yangu hii ni njia ya kupanda magugu. Mtoto aliyekuwa hajalichanganya "principal" na "principle", sasa amefundishwa kuyachanganya, kwa sababu kila akumbukapo moja, la pili huja likamsumbua.

Afadhali kila neno lipewe siku yake na jamaa zake. "Their" lifundishwe pamoja na "they" na "them", maana ndiyo jamaa yake. "There" likae na "here" na "where", yote yakiuliza au kujibu habari za mahali. "Hear" lina neno "ear" ndani yake, yaani sikio, nani atalisahau? "Write" liende na "wrote" na "written". Na lile neno "two", ambalo w yake haisikiki, lina ndugu zake "twelve", "twenty" na "twice", ambao w yao yasikika wazi. Mtoto akiisha kujua jamaa, huitambua sura ya neno hata gizani.

Pili, imla isiwe ya maneno mamoja mamoja. Mwalimu asemaye "write" peke yake, kisha akalaumu jibu la "right", ametoa kitendawili kisicho na jibu. Na aseme sentensi nzima, jirani wa neno wafanye kazi yao.

Tatu, kalamu nyekundu ipime madhara. Kosa la karatasi lisahihishwe kwa upole na kwa maelezo. Kosa la kinywa liwezalo kumgeuza rafiki kuwa mshitaki, hilo lifanyiwe mazoezi kila siku kwa sauti, ulimi ukifundishwa l mahali pake na r mahali pake, i fupi na i ndefu. Na kuliko yote, kijana afundishwe ya kuwa anayepokea barua ana haki ya kuelewa. Ikiwa Kiswahili kitamfikia vizuri zaidi, Kiingereza kingoje siku yake.

Basi hukumu yangu juu ya kijitabu cha Bridges ni hii. Kama historia ya maneno, ni chema, na mwalimu akipata nafasi akisome. Kama utabiri, kimeshindwa, maana Kiingereza hakikufa kwa mzigo wake. Kama hukumu juu ya watu, kimemkosea Jones. Na kama msaada kwa mgeni wa lugha, hakina kitu, kwa sababu mgeni hakuwamo katika mawazo ya mwandishi. Bridges aliilaumu lugha, walimu wengi humlaumu mtoto. Mimi naona lawama haifundishi neno hata moja. Lugha ni kama njia ya miguu: imepindapinda kwa sababu waliopita walikuwa wengi, kila mmoja na haja yake. Kazi ya mwalimu si kuinyosha njia wala kumchapa mpitaji, bali kumwonyesha mahali penye mashimo.

Wasemao walisema, kuuliza si ujinga. Mzee yule wa daftari angaliuliza, asingalikaa majuma mawili na huzuni moyoni. Na katibu yule angaliuliza maana ya neno kabla ya kuliandika, asingalihitaji kuombewa radhi. Tuwafundishe watoto wetu maneno, na pamoja na maneno tuwafundishe kuuliza.